Kusadikika jukwaani: mwongozo wa kuigiza riwaya ya zamani kwa kikundi kidogo cha Mtwara au Lindi

Kikundi kipya kinachotaka kupandisha riwaya jukwaani huja na maswali yale yale: tuchukue kitabu kipi, tukate nini, tunahitaji watu wangapi, jukwaa tutalipata wapi, kibali anatoa nani. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa kikundi cha watu kumi hadi kumi na watano kilichoko Mtwara mjini, Mikindani, Masasi, Lindi au Kilwa, kisicho na jengo lake la maonesho wala fedha za kukodi vifaa kutoka Dar es Salaam.

Mfano wetu tangu mwanzo hadi mwisho ni Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951. Sababu ni ya kiufundi: sehemu kubwa ya kitabu inatokea mahali pamoja, barazani kwa mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Kusadikika, ambapo Karama anajitetea dhidi ya mashtaka ya Majivuno kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Baraza linaenea kwenye jukwaa dogo. Riwaya yenye treni, bahari, nyumba nne na harusi mbili haienei, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Jambo moja lieleweke mapema. Onesho husimama au huanguka mezani, kalamu ikiwa mkononi, kabla mtu hajapanda jukwaani. Vikundi vingi huanza na maleba na mabango, vikamaliza muswada wiki ya mwisho. Msifanye hivyo.

VINAVYOTAKIWA KABLA YA KUANZA

Watu: mwongozaji mmoja, msimamizi wa jukwaa mmoja ambaye haigizi kabisa, waigizaji kumi, wapiga ngoma watatu, fundi umeme, fundi seremala na mshonaji wa kuwaita kwa siku chache.

Muda: wiki nne hadi sita za muswada na vibali, kisha wiki nane za mazoezi, siku tatu kwa wiki, saa mbili kila siku.

Vitu: nakala mbili za kitabu (moja ya kuchorachora, moja ibaki safi), kadi au karatasi ngumu zilizokatwa kama 60, daftari kubwa la msimamizi wa jukwaa, na mahali pa mazoezi penye sakafu ya kuchora kwa chaki. Mbao, taa na vitambaa vinatajwa kwenye hatua zake.

Majira: lengeni Julai au nusu ya pili ya Agosti. Mvua za kusini zimekwisha, na korosho hazijaanza kuokotwa. Ikifika Oktoba nusu ya kikundi itakuwa shambani au ghalani, na wanafunzi wa kidato cha nne watakuwa wanajiandaa na mtihani wa Novemba. Kwa Lindi, epukeni wiki ya kwanza ya Agosti, watu wanapokuwa kwenye maonesho ya Nane Nane viwanja vya Ngongo. Angalieni pia kalenda ya Kiislamu ili Ramadhani isiwakute katikati ya mazoezi.

HATUA YA 1: HAKI NA VIBALI

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, na miaka hiyo 50 imeshapita. Euphrase Kezilahabi alifariki mwaka 2020, kwa hiyo riwaya zake zitalindwa kwa miongo mingi bado, na kuziigiza bila ruhusa ya maandishi ni kosa. Hata kwa kazi ya zamani, utangulizi, maelezo na michoro ya toleo jipya ni mali ya waliovitengeneza: chukueni matini ya mwandishi tu. Pelekeni swali lenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa barua na mhifadhi jibu. Mabango yote yaandikwe "kutokana na riwaya ya Shaaban Robert". Jina la mwandishi halifutiki hata muda wa haki ukipita.

Kwa vibali, mlango wa kwanza ni Afisa Utamaduni wa halmashauri yenu. Mpelekeeni barua, nakala ya muswada, tarehe na mahali. Yeye ndiye atakayewaelekeza kuhusu usajili wa kikundi BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) na kibali cha Bodi ya Filamu, maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inagusa pia michezo ya jukwaani. Onesho la uwanjani linahitaji pia taarifa kwa mtendaji wa kata na polisi. Anzeni mwezi mmoja na nusu kabla. Ada hubadilika, kwa hiyo ulizeni za mwaka huu. Msitegemee za kikundi kilichotangulia.

HATUA YA 2: VUNJENI KITABU KWENYE KADI

1. Someni kitabu kizima mara mbili bila kuandika chochote. Mara ya tatu, kila tukio linapoanza, andikeni kadi.

2. Kila kadi iwe na mistari minne: nani anataka nini, nani au nini kinamzuia, nini kimebadilika tukio linapokwisha, mahali.

3. Kadi ambayo mstari wake wa tatu uko wazi haina tukio la kuigiza. Itasemwa na msimulizi kwa sentensi mbili au itaachwa.

4. Pangeni kadi zote sakafuni na mzitazame kwa pamoja.

Hapo ndipo tatizo kubwa la Kusadikika linapoonekana. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini, kila mmoja huenda safari, hujifunza, hurudi na mapendekezo ya kuifaa nchi, hutupwa gerezani. Msomaji hulikubali jambo hilo mara sita, kwa sababu anasoma kwa mwendo wake na kila safari ina mafunzo yake. Mtazamaji aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, safari ya tatu ikianza ameshajua mwisho wake. Safari ya nne anaangalia simu.

Msizifute safari tatu, maana ile idadi ya sita ndiyo uzito wa utetezi wa Karama: serikali haikukosea mara moja, imeifanya dhuluma kuwa desturi. Igizeni tatu kikamilifu na tatu kwa ufupi sana. Chagueni tatu zisizofanana kwa jicho. Safari ya mbinguni na ya ardhini zinajitofautisha zenyewe, kisha ongezeni moja kati ya zile nne za pande za dunia. Zile tatu fupi zichezwe mfululizo kwa ngoma: mjumbe anatoka, ngoma inazunguka, anarudi na karatasi mkononi, mlinzi anampokonya, mlango unafungwa. Dakika mbili kila moja. Zikiwekwa baada ya safari mbili ndefu, hadhira inaona kasi ya dhuluma ikiongezeka, na marudio yanaanza kufanya kazi ya mchezo.

Mgawanyo wa dakika unaofaa ni huu: ufunguzi 6, mashtaka 12, safari tatu ndefu 36 kwa pamoja, safari tatu fupi 6, marejeo ya barazani kati ya safari 15, hukumu 10. Jumla 85, na mtapoteza tano nyingine kwa makofi na ngoma. Msivuke dakika 90. Hatua ya 5 inaeleza kwa nini.

HATUA YA 3: ANDIKENI MUSWADA

Muswada wa dakika 85 ni maneno kama 7,000 ya kusemwa. Hesabu yake: toeni dakika 15 za ngoma na mwendo, zinabaki 70, na mwigizaji anayesikika vizuri husema maneno kama 100 kwa dakika. Waandishi wapya huleta maneno 15,000 wakisema "tutasema haraka haraka". Hakuna hadhira inayoifuata lugha ya Shaaban Robert ikisemwa haraka.

Aandike mtu mmoja. Wengine wasome na kusahihisha. Muswada ulioandikwa na watu watano una wahusika wanaozungumza sauti tano tofauti.

Lugha yenyewe ndiyo hazina, na ndiyo inayowaogopesha wanaoanza. Fuateni kanuni tatu. Kwanza, msibadili maneno ya mwandishi kuwa ya kijiweni; badilini urefu wa sentensi. Sentensi ndefu ikatwe pale pumzi inapoisha, isomwe kwa sauti, ikatwe tena. Pili, masimulizi yageuzwe kuwa tendo popote inapowezekana. Kitabu kikieleza kwamba mjumbe alirudi akiwa na matumaini na asipokelewe vizuri, msimwandikie msimulizi maelezo hayo. Andikeni hivi:

(Mjumbe anaingia mbio, vumbi miguuni. Barazani hakuna anayegeuka.)
MJUMBE: Nimerudi!
(Kimya. Mlinzi anaokota funguo.)

Hadhira imeshaelewa, na mmetumia neno moja.

Tatu, hotuba za Karama zisipite mistari minane bila kitu kutokea. Majivuno amkatishe, baraza ligune, mfalme ainue mkono, ngoma ipige pigo moja. Mwigizaji akisema mistari thelathini mfululizo hata wazee waliokipenda kitabu watasinzia.

Jihadharini na Majivuno. Vikundi vingi humfanya kichekesho: tumbo la mto, sauti ya puani, kuanguka kutoka kitini. Watu hucheka, na kesi inakufa, kwa kuwa hakuna anayeogopa kwamba Karama atashindwa. Mwandikieni hoja zenye nguvu, mpeni sauti ya chini na adabu nyingi. Atishe kwa utulivu wake. Kicheko mtakihitaji, kipelekeni kwa walinzi na watu wa baraza.

Muswada ukimalizika, usomeni wote mezani huku saa ikihesabu. Ukizidi dakika 80 kwenye usomaji wa mezani, kateni kabla ya mazoezi kuanza, maana jukwaani utarefuka tu. Mwigizaji aliyekariri ukurasa hukubali kwa shida sana uondolewe.

HATUA YA 4: WAIGIZAJI

Kumi wanatosha: Karama, Majivuno, Mfalme, watatu wa kuwa wajumbe (kila mmoja anabeba wawili), wasimulizi wawili, na wawili wa kuwa walinzi na wenyeji wa nchi zinazotembelewa. Mabadiliko ya mhusika yafanywe kwa kitu kimoja tu: kilemba, joho au fimbo. Mkihitaji zaidi ya sekunde 20 nyuma ya pazia, mmebuni maleba mabaya.

Wahusika wenye majina barazani ni wanaume, na kikundi chenu hakika kina wasichana wenye sauti. Wasimulizi wote wawili wawe wanawake, na wajumbe waweze kuwa wa jinsia yoyote bila kubadili neno. Kwa vijana walio chini ya miaka 18, nendeni nyumbani kwao kuonana na wazazi kwanza, na mazoezi yaishe kabla ya magharibi. Mzazi aliyeambiwa mapema humleta mtoto mwenyewe. Aliyesikia kwa jirani humtoa wiki ya sita.

HATUA YA 5: MAHALI NA SAA

Chaguo la kawaida ni bwalo la shule au ukumbi wa halmashauri, au uwanja wa wazi. Bwalo lina umeme na vyoo, lakini lina sakafu ya saruji, kuta tupu na paa la bati, kwa hiyo sauti inarudi. Pigeni kofi moja katikati ya chumba kitupu: mkisikia mlio unaoendelea, tandikeni mikeka sakafuni na tundikeni kanga au mazulia kwenye ukuta unaotazamana na jukwaa. Ukuta huo mmoja ukifunikwa, nusu ya tatizo imekwisha.

Uwanjani, adui ni upepo wa kusi, unaovuma miezi hiyo hiyo tuliyoichagua. Wekeni jukwaa upande wa kusini wa uwanja, watazamaji wakitazama kusini. Upepo utachukua sauti ya waigizaji kuwapelekea watu, na jua la alasiri litakuwa nyuma ya mabega ya watazamaji. Ubaya wake ni kwamba pazia la nyuma litajaa upepo kama tanga. Dawa yake iko kwenye hatua ya 6.

Viti vipangwe nusu duara pande tatu za jukwaa, kama watu wa huku wanavyozunguka ngoma. Watazamaji 150 wakikaa hivyo, wa mwisho hatakuwa zaidi ya mita 12 kutoka kwa mwigizaji, na kipaza sauti hakitahitajika. Mkipanga mistari mirefu kama darasani, wa mwisho atakuwa mita 20. Watoto wakae mikekani mbele, mita moja na nusu kutoka ukingo wa jukwaa. Njia mbili za kutokea zibaki wazi, upana wa mita 1.2 kila moja.

Sasa saa. Onesho la mchana lianze saa 10:15 alasiri, baada ya watu kuswali, liishe saa 11:45, kabla ya adhana ya magharibi, ambayo Julai huku kwetu inaangukia saa kumi na mbili na dakika chache. Hapo ndipo dakika 90 zinapotoka. Mkirefusha, theluthi ya watu wataondoka wakati wa hukumu, na hawatakuwa na kosa. Onesho la usiku lianze saa 2:00, baada ya isha.

HATUA YA 6: JENGENI JUKWAA

Kipimo kinachotosha ni futi 16 kwa upana na futi 12 kwa kina, urefu futi 2 kutoka chini. Linajengwa kwa fremu sita za futi 8 kwa 4, ili liweze kufunguliwa, kupakiwa kwenye kirikuu na kufungwa tena Nachingwea au Newala.

Nunueni: plaiwudi ya milimita 18, karatasi 6, mbao za mbili kwa nne zenye futi 12, vipande 24, mbao za moja kwa nne za kufungia miguu, vipande 6, bolti za milimita 10 zenye urefu wa inchi 5 pamoja na nati na washa mbilimbili, 90, misumari ya inchi 4 na skrubu za inchi 2.

1. Kila fremu inatumia mbao tatu za futi 12. Mbili zikatwe futi 8 na futi 4. Ya tatu ikatwe vipande vitatu vya futi 4. Mnapata ndefu mbili na fupi tano, bila kubakiza. Fupi zipunguzwe hadi zifae katikati ya zile ndefu: pimeni unene halisi wa mbao za dukani, maana nyingi hazitimii inchi mbili.

2. Pigeni misumari, vipande vifupi vikiwa umbali wa futi 2 kutoka kimoja hadi kingine. Vikizidi hapo, plaiwudi itabonyea chini ya miguu na kutoa mlio kila mtu akitembea.

3. Mbao sita zilizobaki zikatwe miguu ya futi 2. Ni miguu 36, sita kwa kila fremu: pembe nne na miwili katikati. Kila mguu ufungwe kwa bolti mbili ndani ya fremu. Bolti moja huufanya mguu uzunguke.

4. Fungeni mbao za moja kwa nne mshazari kati ya miguu, mbele kwa nyuma na kushoto kwa kulia. Jukwaa lisilo na mshazari linasimama vizuri mpaka watu wanne wacheze kwa pamoja, kisha linalala ubavu mmoja.

5. Unganisheni fremu kwa bolti mbili kila panapokutana ubavu. Jumla ya bolti ni 86, nne ni za akiba.

6. Rukeni juu yake watu sita kwa pamoja kabla ya mazoezi ya kwanza. Palipolia pawekwe kabari sasa.

Pazia la nyuma litundikwe kwenye mirunda miwili ya futi 10, kila mmoja ukishikiliwa na viroba viwili vya mchanga vya kilo 25 na kamba mbili za kuvuta nyuma. Tumieni kaniki. Kwa onesho la nje, msishone kitambaa kimoja kizima; tundikeni vipande vya upana wa futi 2 vinavyopishana inchi 6, ili kusi lipite katikati yake. Waigizaji pia watapita humo humo kuingia na kutoka.

Kiti cha mfalme kiwe juu ya kisanduku cha inchi 12, upande mmoja, si katikati. Katikati ni pa Karama. Ardhi iliyo mbele ya jukwaa nayo ni sehemu ya mchezo: safari zote zichezwe chini, barazani pabaki juu. Mjumbe akishuka, ameondoka Kusadikika, akipanda, amerudi. Nchi ile iko angani, na tofauti hiyo ya futi mbili inaeleza kila kitu bila kuchora wingu hata moja.

HATUA YA 7: MAZOEZI

Wiki ya kwanza ni kusoma mezani. Ya pili na ya tatu ni kupanga mwendo, jukwaa likiwa limechorwa kwa chaki sakafuni kwa kipimo chake kamili. Ya nne na ya tano, muswada mikononi hautakiwi. Ya sita ni ngoma na mabadiliko ya maleba. Ya saba ni kupitia mchezo mzima kila siku bila kusimama, mwongozaji akiandika tu. Ya nane ni ya taa, sauti na jukwaa halisi.

Kuanzia wiki ya pili, msimamizi wa jukwaa aandike kila mwendo kwenye daftari lake kwa penseli. Mwongozaji akiugua, daftari ndilo linaloendesha mchezo.

Zoezi la sauti lifanywe nje, si chumbani: mwigizaji asimame mita 12 kutoka kwa mwenzake, aseme mistari yake kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo iliyosukumwa kutoka tumboni. Wanaopiga kelele hukauka koo katika dakika 20. Kosa la kila siku ni kumeza silabi za mwisho, na katika Kiswahili mzigo mara nyingi uko huko: "walimfunga" na "walimfungua" zikisemwa ovyo, mfungwa hajulikani yuko ndani au nje.

HATUA YA 8: NGOMA, VINYAGO NA MALEBA

Huku kusini msilete spika ya muziki wa kurekodiwa mahali ambapo ngoma zipo. Wapiga ngoma watatu wakae pembeni mwa jukwaa wakionekana, wamtazame Karama muda wote. Wao ndio wanaoongoza kasi. Sindimba ni ngoma ya hadharani na inafaa kwa safari fupi na mapokezi ya nchi za ugenini.

Lakini nyimbo za unyago na za jando si za jukwaani, hata kama wenye kuzijua wamo kikundini. Vinyago vya mapiko vya Wamakonde (kimoja huitwa lipiko) navyo vina wenyewe. Mkitaka kuvaa lipiko mbele ya watu, nendeni kwa wazee wa ngoma hiyo kabla hamjaweka neno lolote kwenye muswada, mueleze nani atavaa na kwa tukio gani. Wakikataa, imekwisha. Kuna sababu nyingine ya kufikiri mara mbili: lipiko hufunika kichwa chote na mvaaji huona kupitia mdomo wake, kwa hiyo sauti haitoki na miguu haioni ukingo wa jukwaa. Kinyago hicho kimfae asiyesema neno.

Kwa watu wa baraza, vinyago vya nusu uso vinatosha, na mtavitengeneza wenyewe. Chemsheni kikombe kimoja cha unga wa ngano kwenye vikombe vitano vya maji mpaka ugeuke gundi, tieni vijiko viwili vya chumvi kuzuia ukungu. Bandikeni vipande vya gazeti juu ya kalibu ya udongo iliyopakwa mafuta, tabaka tano. Kila tabaka likauke siku nzima. Kwa unyevu wa pwani, wakati mwingine siku mbili. Mkibandika tabaka zote siku moja, kinyago kitakauka nje na kuoza ndani.

HATUA YA 9: TAA NA SAUTI

Kwa onesho la usiku zinatosha taa sita za LED za nje, wati 50 kila moja. Nne ziwe mbele, mbili kila upande, juu ya nguzo za mita 3, mita 4 hadi 5 kutoka jukwaani, zikimulika mshazari. Mbili ziwe nyuma juu, zikitenganisha waigizaji na kaniki nyeusi. Taa zikiwa mbele kabisa uso kwa uso, nyuso hubapa na waigizaji hawaoni.

Taa hizi kwa kawaida hazipunguziki mwanga kwa swichi ya kupunguzia. Zinamemeteka au kuungua. Fundi afunge kila jozi kwenye swichi yake kwenye ubao mmoja, waya wa milimita 2.5, na mabadiliko yafanywe kwa kuwasha na kuzima jozi. Kwa rangi, karatasi za selofeni za kufungia zawadi zinafaa mbele ya LED. Zisiwekwe kamwe mbele ya taa za halojeni: zitawaka moto.

Jenereta dogo la kVA 2.5 linabeba taa zote na kipaza sauti kimoja. Liwe mita 30 au zaidi upande wa kaskazini, nyuma ya watazamaji, upepo upeleke mlio mbali nao. Waya upite kando ya ukuta au ufukiwe. Usikatishe njia ya watu.

HATUA YA 10: SIKU YENYEWE

Waigizaji wafike muda wa saa tatu kabla ya mchezo kuanza. Msimamizi wa jukwaa apange zana mezani, kila kitu ndani ya mstari wake wa chaki, na asiruhusu mtu kuazima. Milango ifunguliwe dakika 40 kabla. Ndoo mbili za mchanga na sanduku la huduma ya kwanza ziwe nyuma ya pazia. Mchezo uanze kwa saa iliyotangazwa hata kama viti 30 viko wazi; mkisubiri wageni wa heshima kwa nusu saa, hesabu yote ya magharibi imevunjika.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Umeme ukikatika: msimulizi aliye karibu apande jukwaani na ngoma zianze, bila tangazo. Jenereta liwe limejaribiwa siku hiyo hiyo na lina petroli lita 5. Wekeni taa mbili za chaji nyuma ya pazia ili watu wasianguke.

Mwigizaji akisahau mistari: Karama na Majivuno wakariri pia maneno ya kuanzia ya kila kipande cha mwenzao, ili mmoja aweze kuuliza swali litakalomrudisha. Mkumbushaji wa kunong'ona nyuma ya pazia husikika na watu wote isipokuwa yule aliyesahau.

Mwigizaji asipokuja: msimulizi wa pili ndiye wa kujaza nafasi, kwa hiyo tangu wiki ya sita ajue mwendo wa wajumbe wote. Nafasi yake ibebwe na msimulizi wa kwanza. Karama awe na mtu wake aliyekariri nafasi nzima. Huyo hawezi kuzibwa siku ile ile.

Watu wakicheka mahali pa huzuni: mara nyingi mwigizaji analia kwa sauti kubwa mno, au mlinzi anacheza na hadhira. Mzuieni mlinzi kwanza. Kicheko kikiendelea onesho la pili, punguzeni maneno ya tukio hilo, acheni kimya.

Nyuma hawasikii: msikimbilie vipaza sauti. Angalieni kama waigizaji wanazungumza wakitazamana ubavu. Wageuzeni robo kuelekea watu. Mkilazimika kutumia kipaza sauti, kiwe cha msimulizi pekee, na spika ziwe mbele yake. Zikiwa nyuma yake zitapiga mluzi.

Mvua ikipiga bati: hakuna sauti ya binadamu inayoishinda. Simamisheni mazungumzo, wacheza ngoma waingie, mrudi mwanzo wa kipande kilichokatizwa mvua ikipungua.

Mchezo ukizidi muda kwenye mazoezi ya wiki ya saba: msiwahimize waigizaji waende mbio. Ondoeni marejeo moja ya barazani kati ya safari ya kwanza na ya pili, kisha pimeni tena. Ikiwa bado, fupisheni safari ndefu ya pili kutoka dakika 12 hadi 8 kwa kuondoa mhusika mmoja wa ugenini. Mashtaka na hukumu msiziguse.